Msumari wa mwezi wa tisa: kuelewa tahadhari za dhoruba na kujitayarisha mapema

Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama na wafadhili, Kasumbalesa, kabla ya mvua kuanza

  

Tumeombwa kusema juu ya hali ya hewa. Wengine watasema: mvua ni mvua, tulizaliwa ikinyesha, kuna nini tena cha kufundishwa? Ni kweli, hakuna mtu hapa asiyejua mvua. Lakini kuna neno moja tunataka kila mtu arudi nalo nyumbani: tahadhari haizuii upepo, inakupa saa chache tu. Kama hukupanga mbele utafanya nini ndani ya zile saa, basi umesikia habari, lakini hukupata msaada.

Mvua yetu ikoje

Ndugu zetu walio Ubelgiji na Ufaransa wakisikia tahadhari ya dhoruba mwezi wa Desemba au Januari, wanawaza theluji na barafu barabarani. Hapa kwetu baridi inakuja mwezi wa sita na wa saba, na ni baridi kavu. Dhoruba zetu ziko upande wa pili wa mwaka. Mvua inaanza Oktoba, inakaza Novemba mpaka Machi, inaaga Aprili. Eneo hili la Lubumbashi mpaka mpakani hupata takriban milimita 1,200 kwa mwaka. Kwa hesabu ya nyumbani, ni lita 1,200 juu ya kila metro moja ya mraba ya parseli yako, yaani bidoni 60 za lita 20. Na karibu yote inaanguka ndani ya miezi sita.

Tusiogope wingi wa maji peke yake. Mvua za kwanza, za Oktoba na Novemba, mara nyingi ndizo zenye upepo mkali na radi. Ardhi imechomwa na jua tangu Agosti. Hewa ya moto inapanda, inakutana na unyevu, wingu linajengeka juu kama mlima. Halafu hewa ya baridi inaanguka kutoka ndani ya lile wingu, inagonga chini na kutawanyika. Ndiyo ule upepo wa baridi unaokuja ghafla, vumbi linaruka, dakika chache kabla ya tone la kwanza. Ule upepo ni tahadhari ya mwisho, na hauna lugha: hausemi Kifaransa wala Kibemba. Ukiusikia, muda wa kupanda juu ya nyumba umekwisha. Ingia ndani.

Maneno ya meteo

Habari za hali ya hewa ni za aina tatu, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni utabiri wa msimu. Unasema kama mvua ya mwaka huu itakuwa nyingi au kidogo, na unamsaidia mkulima kuchagua mbegu. Haukuambii kitu juu ya Jumanne. Ya pili ni utabiri wa siku. Ukisikia "asilimia 60 ya mvua", maana yake siku kumi zikifanana na hii, sita zitanyesha na nne hazitanyesha. Kwa hiyo ikikosa kunyesha hakuna aliyekudanganya. Ya tatu ni tahadhari yenyewe: kuna hatari, mahali fulani, ndani ya saa fulani. Hiyo inataka mikono.

Nchi nyingi zinatumia rangi. Wenzetu wa Tanzania wamezipa majina mazuri ya Kiswahili. Mamlaka yao ya hali ya hewa, TMA, inasema "angalizo" kwa rangi ya manjano, "tahadhari" kwa rangi ya chungwa, na "tahadhari kubwa" kwa nyekundu. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea Mafia, TMA ilitangaza mapema, na boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Uharibifu ulikuwepo, barabara ya kusini ilikatwa na maji upande wa Somanga. Lakini boti hazikukutana na kimbunga katikati ya bahari, juu ya tahadhari ilikuwa na kazi iliyojulikana: ikitolewa, boti inabaki bandarini.

Hapa Kongo kazi hiyo ni ya METTELSAT, na Radio Okapi inasoma habari kwa Kiswahili pia. Lakini sisi wa Kasumbalesa tuna bahati nyingine. Chililabombwe iko karibu sana, ng'ambo tu ya mpaka, na idara ya hali ya hewa ya Zambia inatangaza kwa kila jimbo. Redio ya taifa ya Zambia inasema Kibemba, na wengi wenu mliokaa Meheba, Kala, Mwange au Mantapala mnakisikia vizuri kuliko Kifaransa. Wakisema hatari iko Copperbelt, msiseme "hiyo ni ya Wazambia". Wingu halipigi foleni pa mpaka wala haliombwi karatasi. Kile Kibemba na Kiingereza mlichorudi nacho ni mali ya avenyu nzima. Anayesikia amtafsirie jirani yake aliyezaliwa na kukua hapa.

Tunapendekeza kila nyumba iweke kazi kwa kila rangi, na kazi ziwe chache:

Manjano: usisafiri mbali bila sababu, jaza telefone kuran kabla SNEL haijakata, jaza bidoni mbili za maji safi, ingiza makala mahali pakavu.

Chungwa: vitu vyote vinavyoweza kuruka viingie ndani, yaani mabati ya akiba, mabeseni, viti. Chomoa televizyo. Watoto wasitumwe mbali. Mama anayevuka kuchukua unga avuke asubuhi, juu dhoruba zetu nyingi zinatokea baada ya joto la mchana, kuelekea jioni.

Nyekundu: wote ndani, na wale wenye nyumba dhaifu waende kwenye nyumba waliyokubaliana na jirani tangu mbele. Siku hiyo siyo ya kuanza kuomba ruhusa.

Na kama hakuna rangi iliyotangazwa, macho yako yabaki kazini. Kuna dhoruba zinazojengeka kwa saa moja au mbili, na redio haitazifikia zote.

Radi

Tarehe 2 Novemba 2024, kwenye kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini ya Uganda, watu walikuwa kwenye sala jioni. Mvua ilianza. Radi ilipiga jengo la mabati walilokuwa ndani yake. Watu 14 walikufa na wengine 34 waliumia. Wengi walikuwa watoto na vijana, wakimbizi kama tulivyokuwa sisi.

Tunalitaja jambo hili juu wengi wanaamini kwamba kuwa chini ya bati kunatosha. Bati lililokaa juu ya miti halina njia ya kupeleka nguvu ya radi ardhini, kwa hiyo nguvu inatafuta njia yake, na mtu anaweza kuwa njia. Mahali pazuri zaidi ni jengo kubwa la kudumu, lenye waya za umeme na mabomba yaliyoingia ardhini, au gari lililofungwa lenye paa la chuma. Hapa kwetu malori hayakosi. Ukishikwa barabarani, omba nafasi ndani ya kabini, funga vioo, usishike chuma. Usilale chini ya lori, usiegemee kontena, usisimame chini ya mwembe. Kama uko shambani na hakuna pa kukimbilia, achaneni nafasi, msikusanyike, chuchumaa miguu ikiwa pamoja.

Kipimo ni rahisi. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie mlio. Kila sekunde tatu ni kilometa moja. Ukifika chini ya 30, radi iko ndani ya kilometa kumi hivi: ingia. Na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu mlio wa mwisho. Watu wengi wanapigwa mvua ikishapungua, wakiwa wamekimbilia nguo kwenye kamba.

Ukiwa ndani ya nyumba ndogo, kaa katikati, mbali na ukuta, mlango wa chuma na waya. Nguo nyekundu na kioo havivuti radi. Telefone mkononi haivuti radi; hatari ni telefone iliyochomekwa ukutani.

Mtu akipigwa, hana nguvu ya umeme inayobaki mwilini. Mguse mara moja. Kama hapumui, kandamizeni kifua kwa nguvu na haraka, bila kuacha, huku mwingine anatafuta gari. Kuna wanaokufa juu majirani wameogopa kuwashika.

Na sasa neno gumu. Tunajua kwamba nkuba ikipiga nyumba, kuna watakaouliza: nani ameituma? Hatukuja kubishana na imani ya mtu. Lakini tunajua ni nani anayetajwa kila mara: mzee asiye na watoto karibu, mjane, au mgeni aliyerudi juzi na hana ukoo kwenye avenyu. Yaani watu wa chama hiki. Radi inapiga kitu kirefu na kilicho peke yake, inapiga nyumba ya tajiri na ya maskini, ya mchungaji na ya mlevi. Kifua cha mzee aliyepigwa mawe hakikingi nyumba yoyote. Ukisikia maneno hayo yanaanza, mwite shefu wa kartie na komite siku ile ile, kabla ya usiku.

Bati, msumari na waya

Tukipita mitaani tunaona mabati mengi, malata kama mnavyosema, yameshikwa na mawe na matofali. Jiwe linazuia upepo mdogo. Upepo mkubwa hausukumi bati tu kutoka juu: unaingia kwa mlango na dirisha, unalisukuma kutoka chini, huku ule unaopita juu unalivuta. Bati likiruka, lile jiwe linaangukia ndani, juu ya kitanda.

Ukiwa na makuta kidogo, anza pembeni. Bati linang'olewa kuanzia ukingo na pembe, siyo katikati. Tia misumari ya bati, yenye kofia pana na mpira, karibu karibu kwenye kingo zote. Halafu funga mti wa paa na ukuta kwa waya, izungushwe mara mbili na kukazwa. Usiache bati litokeze sana nje ya ukuta, juu hapo ndipo upepo unapata mkono wa kushika. Wakati wa dhoruba funga milango na madirisha yote, hasa upande upepo unapotoka. Kata matawi ya mti yaliyokaa juu ya nyumba, wakati huu ambapo ni makavu na hakuna upepo.

Chimba mtaro kuzunguka nyumba, maji yaende barabarani, siyo kwa jirani. Na ile kanivo ya avenyu iliyojaa plastiki, hakuna mtu mmoja anayeweza kuimaliza. Tuifanyie salongo Jumamosi, siku ya posho, kabla ya Oktoba.

Jambo moja tena la ndani. Usiku wa dhoruba, kama usiku wa baridi wa mwezi wa sita, watu wanaingiza mbabula na kufunga kila kitundu. Moshi wa makala usioonekana unaua watu usingizini. Mbabula ibaki nje au kwenye baraza yenye hewa. Kupika kukishindikana, bukari ya jana haijaua mtu.

Mvua ikipita

Tarehe 2 Februari 2022, kwenye soko la Matadi-Kibala huko Kinshasa, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Waya wa umeme mkubwa ulikatika, ukaanguka kwenye mfereji uliojaa maji. Watu 26 walikufa, wengi wao wamama waliokuwa wamekuja kuuza na kununua. Hawakufa kwa mvua yenyewe.

Kwa hiyo waya ukianguka, usiuguse, usipite kwenye maji yaliyo karibu nao, usimvute mtu aliyeshikwa nao kwa mkono wako. Simama mbali, zuia watoto, mwite shefu ili SNEL wakate. Usijaribu kuusogeza kwa mti mbichi.

Halafu maji ya kunywa. Mvua kubwa inaingiza choo ndani ya kisima, na jimbo letu linajua kolera. Baada ya mafuriko, chukulieni kila kisima kuwa kimechafuka. Tieni klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, au chemsheni mpaka maji yatokote kabisa. Mtoto akiharisha maji maji, mpeni kinywaji njiani kuelekea santé: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Msingoje asubuhi.

Karatasi zetu

Hili linatuhusu sisi tuliorudi kuliko wengine wote. Mtu ambaye hakuondoka, ukoo mzima unamjua. Wewe unajulikana kwa karatasi: fomu ya kurudi ya HCR, kadi ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa Zambia, karatasi ya shule kutoka ng'ambo, karatasi ya parseli. Bati likitoka usiku mmoja, godoro litakauka kwa jua. Karatasi haikauki ikawa ileile. Na bila ile karatasi, mtoto anaulizwa kwenye shule: wewe ni wa wapi?

Fanyeni hivi wiki hii. Karatasi zote kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko wa pili, ufungwe, utundikwe ukutani ndani, siyo chini ya kitanda. Pigeni picha kila karatasi kwa telefone na mtume kwa ndugu mmoja anayekaa mbali, Lubumbashi au ng'ambo. Asiye na telefone ya picha aje kwa katibu wa chama. Na kila mtu wa nyumba, hata mtoto wa miaka kumi, ajue ule mfuko uko wapi na nani anaubeba.

Kazi ya chama

Kambini kulikuwa na kiongozi wa bloki na megafoni. Hapa kila mtu yuko kwenye parseli yake, na wengine hawana telefone kabisa. Tunaomba komite ipange mnyororo. Mtu mmoja kwa avenyu anasikiliza redio na simu kila jioni. Akipata tahadhari anapigia watu watano. Kila mmoja anagonga milango mitano. Milango ya kwanza iwe ya wazee, ya wamama wenye mimba, na ya wale wasiotembea. Mujaribu mara moja siku ambayo hakuna wingu, muone inachukua dakika ngapi na nani alisahauliwa.

Likelemba mnaijua. Tunapendekeza mzunguko mmoja wa mwezi wa tisa uitwe wa mvua, na franka zake zinunue misumari, waya na klorini kwa jumla, mgawane. Vijana wanaojua kupiga bati wafanye nyumba tano za wasiojiweza. Hiyo ni kazi ya siku mbili.

Kwa wafadhili

Mwisho, neno kwa mnaotusaidia. Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2022 kwamba ifikapo mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa tahadhari za mapema. Tume ya kimataifa ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi ilisema mwaka 2019 kwamba taarifa ya saa 24 kabla ya dhoruba inaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30. Tunaunga mkono. Lakini zile saa 24 hazipigi msumari peke yake.

Misaada mingi inafika bati likishatoka: inakuja turubai, ile bashi tunayoijua wote, pamoja na picha ya mama amesimama kwenye matope. Tunashukuru, na tunasema kwa heshima: leteni mwezi wa tisa kile mnachotaka kuleta mwezi wa kwanza. Kilo za misumari na roli ya waya hazipendezi kwenye picha, lakini zinabakiza bati juu ya nyumba, karatasi zikiwa kavu na watoto wakiwa shuleni. Na kama kuna mwenye uwezo zaidi, kuna shule na makanisa hapa yasiyo na kinga ya radi. Uganda walipoteza wanafunzi 18 kwenye shule moja, Runyanya, mwaka 2011, na leo mtandao wa ACLENet unafunga kinga mashuleni huko. Inawezekana hapa pia.

Kuanzia Jumamosi inayokuja tutapita avenyu kwa avenyu pamoja na komite kuangalia mapaa, tukiwa na nyundo na daftari. Wenye nyumba za kuangaliwa kwanza waandikishe majina kwa katibu kabla ya kutoka hapa. Wenye ngazi, waje nazo.